Mama Aliyejifanya Mdomo

Ndugu zangu, asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia pale kisiwani, Nansio. Paskazia na bintiye Wilhelmina walikuwa wakianika dagaa. Mtoto ni kiziwi tangu kuzaliwa, na ishara zao walizitunga wenyewe jikoni: kugusa pua ni lete ungo, kugusa shavu ni naumwa. Paskazia alizionea fahari sana.

Ndipo akaja Mwalimu Yeremia.

"Shikamoo mama. Nimemfuata huyu binti. Ng'ambo, Mwanza, kuna shule ya serikali ya viziwi, wanalala hukohuko. Nafasi ipo."

"Marahaba mwanangu. Huko nani atamwelewa? Mdomo wake ni mimi."

"Na siku usipokuwepo?"

"Nitakuwepo," alijibu, akaendelea kugeuza dagaa.

Msimwone mkatili. Wapo wanaoficha watoto kwa aibu. Yeye alimfungia kwa mapenzi. Yeremia aliaga, akaenda zake.

Mwaka uliofuata Paskazia alivuka kwenda msibani Ilemela, akamwacha mtoto kwa shangazi yake, Dorcas. Tumbo likamshika Wilhelmina. Akagusa shavu. Dorcas, masikini, akadhani ni jino, akampa maji ya chumvi asukutue. Mtoto akagusa shavu tena, akalia, akaongezewa chumvi. Paskazia aliporudi alimkuta amejikunja mkekani, tumbo gumu kama ubao. Akamkimbiza hospitali; kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari alimwambia wazi kwamba angechelewa kidogo tu, angezika.

Paskazia alijichukia. Mtoto alipopona, mwenyewe alimtafuta Yeremia.

Wilhelmina akaanza darasa la kwanza kule Mwanza akiwa na miaka kumi na miwili, katikati ya watoto wa miaka saba. Siku ya wazazi, mama alimkuta uani amezungukwa na wenzake, mikono ikienda mbio. Hakuelewa hata neno moja.

"Anasemaje?" alimuuliza matroni.

"Anawasimulia alivyougua. Anasema kila alipogusa shavu kwamba anaumwa, alitaka shangazi amwitie mama."

Paskazia akaketi palepale chini, akalia. Kisha akamwomba matroni amfundishe lugha ya mwanawe.

FUNZO

Mzazi, usijifanye mdomo wa mtoto wako. Nawe una siku ya kusafiri na siku ya kufa. Kumpeleka shule inayomfaa si kumtupa. Mwandikishe mapema, kisha nawe ujifunze lugha yake, usije ukaambiwa na wengine yaliyomo moyoni mwa mwanao.