Kinusa-moshi cha Bwana Aflah

Maskati, 1969. Alkhamisi, baada ya alasiri.

Chumba cha nyuma kule Sidab kilinuka papa mkavu. Marhoon, mkubwa wa genge, alikaa mlangoni na bastola mapajani. Hatoki mtu mpaka aseme yeye.

"Eleza, fundi."

Harub alichora kwa mkaa sakafuni. Ghala la Aflah: majora ya hariri mbele, chumba cha dhahabu ndani. Mwezi uliopita yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga humo chombo cha kugundua moto.

"Aflah alitaka cha joto. Nkamwambia, cha joto kitalala mpaka majora yashike moto. Chukua kinusa-moshi. Nkakifunga darini, chumba cha dhahabu, mbali na tundu la hewa, upepo usije ukakipokonya moshi."

"Kikinusa?"

"Kengele inalia, mlango wa chuma unaanguka. Umeme ndio unaoushika juu, basi jenereta msiiguse. Ukishaanguka unafunguliwa kwa nje tu, kuna gurudumu."

"Ndani hamna kitasa?" aliuliza Bakhit, pande la mtu, mvunja makufuli.

"Aflah hakutaka. Mwizi akiingia asitoke." Harub aliweka mkaa chini. "Kwa hivyo hapana sigara. Hata moja."

Marhoon alicheka. "Haya, sheikh. Fungu lako litakupandisha meli ukamtoe Masouda wako."

Masouda, mkewe, alibaki Unguja. Mwaka wa tano huu. Bila ya yeye, Harub asingekaa na watu hawa hata kunywa kahawa.

Ijumaa. Adhana imekwisha.

Aflah na askari wake wako msikitini. Ufunguo wa kuchonga uliingia, ukazunguka. Marhoon akabaki nje ya mlango wa chuma. Bakhit akavunja kasha la kwanza. Wallahi, dhahabu! Harub akaijaza katika mkoba wake wa zana, akauvaa begani.

Akageuka. Bakhit amechutama mbele ya kasha la pili, kiberiti mkononi. Juu ya kigae, kipande cha ubani kinafuka.

"We! Wafanya nini?"

"Kasha hili lina wenyewe wasioonekana, yakhe. Nlivyoligusa tu, mwili umensisimka. Utalifungua hivi hivi, bila ya kuwaomba ruhusa?"

"Si nlisema hapana moshi!"

"Ulisema sigara."

Kengele ikalia. Mlango ukashuka kwa kishindo.

"Marhoon! Zungusha gurudumu!"

Halafu sauti, karibu kabisa na chuma.

"Dhahabu anayo nani?"

"Mimi!"

"Ipenyeze kwa chini."

Harub alipapasa ukingo. Mwenyewe ndiye aliyeupima. Hata wembe haupiti.

"Haipenyi! Fungua kwanza!"

"Khalas, ndugu zangu. Watu wanakuja." Viatu vikakimbia.

Bakhit aliupiga mlango kwa bega, akaupiga tena, akakaa chini akikohoa. Kengele haikunyamaza. Harub akamuona Masouda gatini, na meli inaondoka.

Mara gurudumu likalia. Mlango ukapanda. Bunduki mbili, na nyuma yake Aflah na kanzu yake ya Ijumaa.

"Fundi?" Aflah alishangaa. "Umemuona mwizi ukamfuata?"

Harub akaiona njia ya kuponea.

"Ndiyo, bwana. Nimemkuta huyu anaiba. Mlango ukatufungia sote."

"Ewe Harub," alisema Bakhit taratibu. Askari wakamlaza kifudifudi, wakamfunga mikono.

Harub akapiga hatua kutoka. Aflah akampisha. Kisha mkono wake ukamtua fundi begani, juu ya ukanda wa mkoba, ukaupima uzito.

"Na humu, fundi, ni nyundo tupu?"