Jembe Shambani kwa Bi Mwaija

"Laki mbili za kodi ya shamba sikupi, mama! Tulikubaliana usilime karibu na chombo!"

Rafiki yangu Faraji, fundi wa Korogwe, hana subira. Chombo hicho yeye na watafiti walikifukia shambani kwa Bi Mwaija, kijijini Kang'ata, kipime sumaku ya ardhi. Watafiti hulinganisha vipimo vyake na vya satelaiti, wapate kujua mikanda ya mwanga inayowaka usiku angani karibu na ncha ya kaskazini inavyobadilika. Chuma kikisogea karibu, vipimo vinaharibika, na vilikuwa vikiharibika kila magharibi.

"Niko kwenye eda, mwanangu," Bi Mwaija akajibu kutoka ndani. "Mjane wa eda ashike jembe la marehemu? Huna mama wewe?"

Faraji akafungua kompyuta barazani kumuumbua. Giza lilipoingia, mstari kwenye kioo ukaruka, na shambani kukasikika ndu! Ukaruka tena. Ndu!

Akakimbilia huko na tochi. Hapakuwa na mtu. Udongo mbichi ulikuwa umetifuliwa, na mbele ya macho yake ukatifuka tena.

Akarudi barazani akihema. Ndu! ikamfuata hadi mbele ya baraza.

"Mimi niko humu ndani," alisema Bi Mwaija. "Lete laki mbili zangu."