Impi Alivyomshtaki Mdogo Wake

Kabla sijaanza, naapa. Haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Likipatikana hata moja la uongo, nitapasua kuni za sauna ya Reino msimu mzima wa baridi, mimi na mgongo wangu huu mbovu. Mimi Wilbert Salo nimeshaapa. Sasa kaeni vizuri, maana hadithi hii bado inanichemsha damu.

Huku kwetu, kaskazini mwa Michigan, Jumamosi ni siku ya sauna. Mchana unawasha jiko la kuni mpaka mawe yapate moto. Jioni watu wanaingia kwa zamu, wanamwagia mawe maji, wanakaa kwenye mvuke. Wanawake kwanza, wanaume baadaye. Wakitoka wamekuwa wekundu kama nyanya, wanakunywa kahawa.

Sauna ya Reino Kangas ilijengwa na baba yake kwa magogo ya mierezi. Ukiisifu, Reino anakuongezea kahawa. Ukiitia kasoro, Jumamosi inayofuata huitwi.

Dada yake anaitwa Impi. Ni mjane, na anakaa ng'ambo ya barabara. Impi anafuma mazulia ya vitambaa vikuukuu. Mtambo wake ni wa mbao, na unaendeshwa kwa miguu. Mikono inapitisha uzi, miguu inakanyaga. Bila mguu hakuna zulia, na bila zulia Impi hana chakula.

Jioni moja ya Januari, Impi alitoka kwenye mvuke. Nje kulikuwa na theluji, na giza limeshaingia. Kwenye ngazi Reino alikuwa ametandika zulia dogo, zawadi aliyofumiwa na huyo huyo Impi. Impi akaweka mguu juu ya zulia lake mwenyewe. Ubao uliokuwa chini yake ukakatika. Mguu ukazama mpaka gotini, mwili ukaenda upande mwingine.

Mimi nilikuwa pale pale kwenye benchi, nangoja zamu yangu. Nilisikia mfupa ukilia kama tawi kavu. Nikamtupa mgongoni, nikambeba maili mbili hadi barabara kubwa, theluji ikinifika kiunoni. Mbwa mwitu wawili walitufuata njia nzima.

Na mnajua Impi alikuwa anasema nini muda wote huo?

"Nisamehe, Reino. Nimekuharibia jioni yako."

Hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Sisi watu wa huku tuna adabu ya kijinga. Mgeni akiumia kwako, yeye ndiye anayeomba radhi. Akiungua na kahawa yako, anasema kosa langu. Akiumwa na mbwa wako, anasema kosa langu, sikumsalimia mbwa vizuri.

Siku chache baadaye mtu wa kampuni ya bima akaja hospitali. Bima ilikuwa ya nyumba ya Reino. Akaweka kinasa sauti kitandani. Sauti yake tamu kama asali.

"Pole sana, mama. Hebu niambie, kosa lilikuwa la nani?"

"Kosa langu, bwana," Impi akasema. "Nilikanyaga vibaya. Usimsumbue mdogo wangu."

Kisha akaenda kwa Reino.

"Ngazi yako ilikuwa na hitilafu, mzee?"

Reino akavimba. "Ngazi hiyo? Aliijenga baba yangu. Haina hitilafu yoyote."

Yule mtu akafunga mkoba wake, akaondoka akipiga mluzi. Baada ya hapo kampuni ikasema haitalipa kitu. Mgeni amekiri kosa, na mwenye nyumba amesema ngazi ni nzima. Wangelipia nini?

Mguu wa Impi uliunga vibaya. Daktari akamwambia bila upasuaji wa pili hatakanyaga mtambo tena. Impi hakuwa na bima ya matibabu. Mtambo ukafunikwa shuka. Nilipoliona lile shuka nilitaka kumtafuta yule mtu wa kinasa sauti nimlishe betri zake.

Jirani yetu Bi Penhale ndiye aliyekuja kumfungua macho Impi. Huyu mama alipiga taipu katika ofisi ya mawakili mpaka akastaafu. Alikuja na pasti, yale maandazi makubwa yenye nyama na viazi. Nami nilikuwapo, maana harufu ya pasti naisikia hata ikiwa mtaa wa pili.

"Impi, mimi si wakili," Bi Penhale akasema. "Lakini nakwambia nenda kwa wakili. Fungua kesi ya madai."

"Nimshtaki nani?"

"Reino."

Impi akasukuma sahani. "Toka kwangu."

"Sitoki. Nisikilize kwanza. Hii si kesi ya jinai. Hakuna polisi, hakuna jela. Ni kesi ya mtu aliyeumia kudai fidia kwa aliyemsababishia. Reino amekuwa akilipia bima ya nyumba miaka yote. Anailipia kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya moto."

"Na kwa ajili ya mgeni akiumia. Lakini kampuni hailipi kwa huruma. Inalipa ikionekana mwenye nyumba ana wajibu wa kulipa. Na kwa kesi ya namna hii, sheria yetu hairuhusu uishtaki kampuni yenyewe. Unamshtaki mwenye ngazi. Jina ni la Reino, wakili anatoka kwa kampuni, na fidia inatoka kwa kampuni, mpaka pale bima yake inapoishia."

"Na Reino alikosa nini? Ni zulia langu lililoteleza."

"Zulia liliteleza, au ubao ulioza?"

Impi akaivuta sahani tena.

"Mwenye nyumba hana wajibu wa kuwa malaika," Bi Penhale akasema. "Lakini akijua kuna hatari iliyojificha, na mgeni wake haijui, lazima amwonye. Asipomwonya, huo ni uzembe. Ubao wenyewe uko wapi?"

Mimi nikajibu. "Reino aliuchoma. Jumamosi iliyofuata aliutia jikoni kuchemsha maji."

Bi Penhale akajishika kichwa. "Mungu wangu! Huo ndio ulikuwa ushahidi. Mtu akianguka, piga picha, tunza kilichovunjika, andika majina ya walioona. Na usimwambie mtu wa bima kwamba ni kosa lako kwa sababu tu ya adabu. Sema ulichokiona, basi. Baraza la raia wanaoamua kesi likisema nusu ya kosa ni yako, fidia yako inakatwa nusu."

"Wakili nitamlipa nini?"

"Kesi za namna hii, mawakili wengi wanachukua sehemu ya fidia mkishinda. Mkishindwa, hawachukui ada. Ila wako muulize gharama nyingine nani atazibeba, na mwandikiane. Na usichelewe. Sheria hapa inakupa miaka mitatu. Ukipitisha, hata ungekuwa na haki kama mlima, mlango umefungwa."

Impi alilia usiku kucha. Lakini alikwenda.

Karatasi za mahakama zilimkuta Reino dukani, mbele ya watu, ameshika kopo la misumari. Alivuka barabara hadi kwa Impi bila kofia, kwenye baridi ya kupasua mawe. Sauti yake tuliisikia wote.

"Impi! Unanishtaki mimi? Mimi niliyekuburuta kwenye theluji udogoni kukupeleka shule?"

"Mimi ndiye niliyekuburuta wewe! Mimi ni mkubwa!"

"Unataka sauna ya baba!"

"Sitaki sauna yako, nataka mguu wangu! Ni bima itakayolipa, Reino, si wewe!"

"Jina lililoandikwa ni la nani? Soma! Kangas dhidi ya Kangas!"

"Ulijua ule ubao umeoza? Niambie sasa hivi."

Reino akageuka, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani watu wakamhama Impi kwenye benchi. "Anamfilisi mdogo wake," walinong'ona. Walikuwa wameketi naye kwenye mvuke tangu utoto, leo wanamkwepa kama mwenye tetekuwanga! Nilipandwa na hasira mpaka nikakosea nyimbo. Na hasira zaidi kwa kampuni. Kampuni haikukosana na mtu. Ilikaa pembeni kimya, ikawaacha ndugu wawili wachukiane kwa niaba yake.

Majira ya vuli yaliyofuata, kesi ikafika. Raia sita wakaketi kwenye baraza la kuamua. Bi Penhale alikuwa ametuonya: wale sita hawaambiwi habari za bima. Ndiyo sheria, ili wasimwonee mtu kwa kuwa ana bima. Kwa hiyo walichokiona ni mwanamke mwenye fimbo anamdai mdogo wake mzee mwenye koti la kuazima. Nyuso zao zilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Impi akala kiapo. Akaeleza. Kisha akasimama wakili aliyeletwa na kampuni kumtetea Reino. Viatu vyake vilikuwa vinameta.

"Ulisema hospitali kwamba kosa lilikuwa lako?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unasema uongo?"

"Nilikuwa na adabu."

Wakili akatabasamu. "Jumamosi jioni, sauna, watu wanastarehe. Mama Impi, ulikuwa umekunywa bia ngapi?"

Ukumbi mzima ukaguna. Impi ni wa kanisa lile lisiloruhusu hata pazia la rangi kali. Bia! Maishani mwake hajaonja hata ile ya kupikia.

Machozi yakamtoka Impi.

Ndipo kiti kikaanguka. Reino alikuwa amesimama.

"Wewe kijana! Huyo ni dada yangu!"

"Bwana Kangas, keti," jaji akasema.

"Anamwita dada yangu mlevi, na anasema kwa jina langu! Nani alimtuma? Mimi sikumtuma!"

"Keti, la sivyo nitakutoa nje! Zamu yako itafika."

Reino akaketi. Zamu yake ikafika. Wakili wa Impi akamwita kizimbani. Ubao ulikuwa majivu. Picha hakuna. Upasuaji wa Impi ulikuwa umebaki juu ya ulimi wa mtu mmoja tu.

"Bwana Kangas, umeapa kusema kweli. Kabla dada yako hajaanguka, ulijua ubao ule umeoza?"

Reino alimtazama Impi. Kisha akatazama mikono yake.

"Nilijua. Tangu Novemba, msimu wa kuwinda paa. Kisu kilikuwa kinazama ndani kama kwenye siagi."

"Ulimwonya?"

"Hapana. Niliona aibu. Ngazi ya baba, na mimi nimeiacha ioze! Nikatandika zulia juu ili watu wasione. Zulia lake mwenyewe. Hakukanyaga vibaya. Alikanyaga mahali ambapo kila mtu anakanyaga."

Wakili wa viatu vya kumeta akaomba mapumziko ya chakula. Sisi tulikuwa bado tunamenya mayai tuliyokuja nayo tulipoambiwa kampuni imekubali kulipa. Upasuaji, dawa, na siku zote ambazo mtambo ulilala. Wale raia sita wakashukuriwa, wakaenda nyumbani.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Reino alisimama mbele ya dada yake kofia mkononi.

"Watanifutia bima kwa kusema vile?"

"Mkataba unakutaka ushirikiane nao," Bi Penhale akamjibu. "Haukutaki uwadanganyie kizimbani."

Reino akamgeukia Impi. "Dada, ningekwambia siku ile ile barabarani..."

"Ungeniambia mwezi wa Novemba, mpumbavu wewe," Impi akasema. "Nipe mkono. Ngazi hizi zina barafu."

Upasuaji ulifanyika, na mguu ukanyooka. Sasa ukipita kwa Impi asubuhi unausikia mtambo: du, du, du. Reino amejenga ngazi mpya ya mwaloni, ina mahali pa kushika pande zote mbili. Akiona ubao wowote unalegea, anaufunga kitambaa chekundu mpaka autengeneze, na anamwambia kila mgeni. Mtaa mzima umeiga. Na mtu akianguka kwetu siku hizi, hakuna anayesema kosa langu. Tunauliza kwanza nani ana kamera.

Jumamosi iliyopita niliwasomea hadithi hii pale kwenye benchi la sauna. Nilitegemea makofi. Impi akaweka kikombe chini.

"Wilbert, jioni ile ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ulikuwa kwako na mafua. Mkeo ndiye aliyekuja na blanketi. Mimi niliburutwa na Reino kwenye kile kigari cha viazi, hadi barabarani hapo, unapaona."

"Na mbwa mwitu wawili?" Reino akauliza.

"Mbwa wako," Impi akamwambia. "Mmoja. Hana meno."

Bi Penhale akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Ndiyo maana wakili hakukuita shahidi, Wilbert. Alikuuliza umeona nini, ukamwambia ulichosikia kwa kinyozi!"

Nikajaribu kueleza kwamba mengine yote ni kweli. Hawakunisikiliza. Walikuwa wanasoma kiapo changu cha mwanzoni, kwa sauti, wakipokezana.

"Shoka liko nyuma ya mlango," Reino akasema. "Mpini wake umelegea. Nimekuonya, tena mbele ya mashahidi."

Nikalichukua. Kweli ulikuwa umelegea.