Alama ya Mayenga

"Jesca, nakuuliza mara ya mwisho. Jumamosi unachorwa, au nijue moja?"

"Ujue moja lipi?"

"Kwamba hunipendi."

Nilikuwa nasuka kichwa cha mteja, simu nimeibana kwa bega, rasta tatu ziko mdomoni. Saluni nzima pale Rwamishenye ikatega masikio. Hata draya lilizimwa ili watu wasikie vizuri.

Nikatema rasta.

"Mayenga, tatuu naitaka tangu nina miaka kumi na sita, sijakujua bado. Nataka kahawa, hapa ndani ya mkono. Wewe unataka nichorwe alama yako. Hivyo ni vitu viwili."

"Kahawa ni ya kunywa. Alama yangu ndiyo mimi. Mwalo mzima wa wavuvi ukiiona unajua hii ni ya Mayenga. Nikikuleta kisiwani, nani atakugusa?"

"Nisipotaka kuguswa si nitasema mwenyewe sitaki? Nina mdomo."

"Mdomo unao, tena mwingi. Sasa sikia. Bila alama, wazee wangu hawaji kwenu."

Akakata.

Mayenga ana mitumbwi minne ya dagaa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Huko upepo ukikata nyavu usiku, anayeziokota ndiye mwenyewe, labda ziwe na alama. Kwa hiyo kila tajiri ana yake. Ya Mayenga ni M, mstari chini, nukta juu. Imepakwa rangi ubavuni mwa mitumbwi, imechomwa kwa chuma cha moto kwenye maboya, iko kwenye makreti, iko kwenye viroba. Sasa aliitaka kwenye mkono wangu.

Na nisidanganye, nilikaribia kukubali. Nilimpenda. Nilipougua malaria, mwanaume huyu alikaa siku mbili kwenye benchi la zahanati akinipepea kwa daftari la matibabu, akaacha dagaa wake walowe na mvua. Mtu wa hivyo ukimnyima sentimita tatu za ngozi unajiona mchoyo.

Ila mimi sisahau. Darasa la sita mwalimu alininyoa mbele ya paredi kwa mkasi wa kukatia manila, eti nywele zangu zinaringa. Kidato cha pili tulipangwa mstari, wasichana peke yetu, tukabonyezwa matumbo kama maparachichi sokoni, kuona nani ana mimba. Hakuna aliyetuuliza. Wavulana walikuwa wanacheza mpira. Majina ya waliobonyeza ninayo mpaka leo. Ngozi hii imekuwa ya kila mtu, mwenye ngozi ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni.

Ijumaa nikapanda hadi Kaagya, kwa tatenkazi, dada yake baba. Shangazi Agnes ndiye kwetu anayekagua mambo ya ndoa kabla wanaume hawajavaa makoti ya kupokea posa. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Tatenkazi, ukiniona na tatuu utanifukuza?"

"Kwanza nionyeshe ni ya nini."

Nikaichora kwa kidole kwenye majivu. Akainamisha kichwa.

"Hii si iko kwenye viroba vya dagaa unavyoniletea?"

"Ndiyo, waitu."

"Na yeye anachorwa nini?"

"Yeye hachorwi."

Akaweka kisu chini.

"Babu yako Kahangwa alikuwa na kovu chini ya kitovu. Unalikumbuka?"

"Alisema aling'atwa na mamba."

"Mwongo yule! Lile lilikuwa omukago, undugu wa kuchanjia. Yeye na rafiki yake Nathanael wa Rubafu. Walichukua tunda moja la kahawa, lina punje mbili ndani. Kila mmoja akachanjwa, akapaka damu yake kwenye punje, wakabadilishana, wakameza. Nyumba yetu ilipoungua, Nathanael alifika kabla ya majirani. Kutoka Rubafu, kwa miguu."

"Nani alichanjwa kwanza?"

"Wote wawili, asubuhi moja. Akichanjwa mmoja peke yake, huyo si ndugu tena, huyo ni ng'ombe amepigwa chapa." Akachukua kisu chake. "Mimi sikukatazi kuchorwa, mwana wange. Nakukataza kuchorwa peke yako."

Jumamosi saa nne Mayenga alinikuta mlangoni kwa Mustapha, mchora tatuu, nyuma ya soko la Bukoba. Alikuwa ananukia vizuri kuliko siku zote. Nikakaa kwenye kiti.

"Kaka Mustapha, tuko wawili. Mimi naweka alama yake, yeye anaweka jina langu. Yeye anaanza."

Mayenga akacheka. "Mimi? Mimi mtu wa majini, kidonda hakitapona."

"Kitapona wiki tatu," Mustapha akasema. "Wavuvi nawachora kila siku. Nanga, samaki, majina ya mama zao."

"Mwanaume hawekwi jina la mwanamke."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Haiwi tu."

"Haiwi wapi? Nitajie kijiji."

"Jamani, mkimaliza mtaniambia," Mustapha akasema. "Bosi, nitumie hiyo alama niione."

Mayenga akamtumia picha. Ni boya jipya limeinuliwa juu, alama imechomwa vizuri. Mustapha akaikuza aione nukta. Akaikuza tena. Akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Bosi, huu mkono ulioshika boya ni wa nani?"

Nikachungulia. Kwenye kile kifundo cha mkono, mkono wa mwanamke, kulikuwa na M, mstari chini, nukta juu. Mayenga mwenyewe ndiye aliyeipiga ile picha. Alishazoea kuona alama yake kila mahali mpaka akawa haioni tena.

"Ah, huyo? Mfanyakazi. Anaanika dagaa."

"Wafanyakazi wote umewapiga chapa?"

"Alijitakia mwenyewe!"

"Mpigie."

"Jesca, usinidhalilishe mbele za watu."

"Mbele za watu ndiko ulikotaka niivae. Mpigie, weka spika."

Akapiga. Alidhani atatetewa. Watu wa aina yake hudhani kila chenye alama yao kitawatetea.

"Limi, mwambie huyu mteja kwamba wewe ni mfanyakazi wangu."

Tukasikia upepo, na mtoto mchanga analia karibu na simu.

"Mteja gani?"

"Naitwa Jesca," nikasema. "Niko Bukoba kwa mchora tatuu. Nimeshakaa kwenye kiti."

Tukamsikia akimbembeleza mtoto.

"Amekuambia bila alama wazee hawaji?"

"Ndiyo."

"Mimi niliiweka mwaka juzi. Wazee bado wako njiani. Huyu unayemsikia ana miezi tisa, na hawajafika."

"Limi, funga mdomo!"

"Dada, ameshakuchora?"

"Bado."

"Basi shuka kwenye hicho kiti."

Nikashuka.

"Nenda!" Mayenga akafoka. "Nani atakuoa wewe, na mdomo huo?"

"Atakayekubali kuanza yeye."

Alipotoka aligonga bega kwenye mlango. Mimi nikarudi kwenye kiti nikanyoosha mkono.

"Nichore kahawa yangu. Sasa hivi."

Mustapha akavua glovu. "Simchori mtu mwenye hasira, dada. Nenda kalie, nenda kalale. Ukiitaka bado baada ya mwezi, njoo."

Nikamtukana na yeye. Halafu nikaenda nikalia, siku nne. Benchi la zahanati liliniuma kuliko kitu kingine chote, maana lile lilikuwa la kweli.

Siku ya tano ikaingia meseji, namba ngeni.

"Dada ni Limi. Namba yako nimeitoa kwenye simu ya Mayenga. Hii alama inafutika?"

"Kwa hapa kwetu haifutiki. Inafunikwa."

"Kwa kitu gani?"

Nilikaa na simu mkononi, nikamkumbuka babu Kahangwa na mamba wake wa uongo. Nikaandika:

"Njoo Bukoba. Njoo na mtoto. Nauli ya kurudi usiifikirie."

Alifika mwezi ule senene walipoanza kuruka, mtoto mgongoni, begi moja. Nilimpokea kituoni. Tukatazamana kama watu wawili walionunua kiatu kimoja kilichooza.

"Kumbe wewe mfupi," akasema.

"Kumbe wewe unacheka."

Kwa Mustapha, tatenkazi alikuwa ameshatangulia, na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Akampakata mtoto. Nikamweleza Mustapha tunachotaka: tunda moja, punje mbili. Punje moja kwake Limi, juu ya ile alama. Nyingine kwangu.

Mustapha akaugeuza mkono wa Limi kwenye taa.

"Huu mstari wa chini sitaufunika. Ndio utakuwa ule ufa wa katikati ya punje. M na nukta vitazama ndani." Akatutazama. "Sindano mpya, kila mtu na yake, damu hapa hatuchanganyi. Nani anaanza?"

Limi akanitazama. Nikamtazama.

"Mstari kwangu, mstari kwake," nikasema. "Mpaka mwisho."

"Mtanimalizia glovu!"

"Zimalize, waitu," tatenkazi akasema, akimlisha mtoto kipande cha ndizi. "Hivi ndivyo inavyofanyika."

Inauma, asikudanganye mtu. Lakini sikubanwa na mtu, wala sikupangwa mstari. Niliulizwa, nikasema ndiyo. Kila sindano iliponigusa, iliyofuata ilimgusa Limi, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika wangu.

Tulipotoka meseji ikaingia kwenye simu yangu. Mayenga. Bukoba habari hazilali.

"Nasikia umechorwa. Alama ya nani hiyo?"

Nikampa Limi simu ajibu yeye. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja, mkono wenye plasta ameuinua juu usiguswe:

"Hesabu maboya yako. Sisi hatumo."