Koki ya Petroli na Mikate ya Kultum

Okari hakuwa na gari. Hakuwa na shamba, kwa maana shamba la baba yake lilibaki Kisii na kaka zake sita. Hakuwa na koti la mvua lenye vifungo vyote. Hakuwa na fundi wa kudumu, kwa sababu aliamini kila fundi ni mwizi. Hakuwa na subira, jambo ambalo mkewe Joyline alimkumbusha kila siku kabla ya chai. Na tangu Januari, hakuwa na koki nzima ya petroli.

Koki ni kile kidude kilicho chini ya tangi la pikipiki. Kina mkono mfupi. Ukiugeuza huku, petroli inashuka kwenye injini. Ukiugeuza kule, petroli inafungwa. Ukiuweka upande wa tatu, unapata akiba, yaani ile petroli ya mwisho ya kukufikisha kituoni. Koki ya Okari ilikuwa imechakaa. Ukiifunga, ilidondosha. Ukiifungua, ilidondosha zaidi.

Okari aliishi Rangwe. Kila asubuhi alikwenda Homa Bay mjini, kwenye tanuri la mikate la Mama Kultum. Alipakia mikate themanini kwenye kreti, akaifunga nyuma ya pikipiki, kisha akarudi nayo Rangwe na kuigawa madukani. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake. Hakuwa na nyingine.

Kuhusu koki, alikuwa na dawa yake. Alichukua sabuni ya kufulia, akaifinyanga kwa vidole, akaibandika mahali palipovuja. Waendesha pikipiki wengi hufanya hivyo. Sabuni huzuia petroli kwa muda, kisha joto la injini huilegeza na mtikiso huidondosha. Mvua ikinyesha, huosha iliyobaki. Basi Okari alibandika asubuhi, akabandika mchana, na jioni akabandika tena.

Joyline alitazama kipande cha sabuni kikiisha siku ya Jumanne.

"Baba Wesley," alisema, "hiyo pikipiki inaoga kuliko watoto."

Okari alimjibu kwamba mwanamke hajui mambo ya injini. Joyline akamwambia kwamba mambo ya sabuni anayajua vizuri sana.

Mwezi wa tatu malalamiko yakaanza. Mwenye duka mmoja, mama aliyeitwa Nyar Kabondo, alirudisha mikate sita. Alieleza kwamba mteja wake alimuuliza kama mkate ule ni wa kula au wa kuwashia jiko. Mikate ya Kultum ilifungwa kwa karatasi, na karatasi hunyonya harufu. Wiki iliyofuata mwenye duka jirani yake alirudisha minane, na Mokaya naye alikataa. Mokaya alikuwa na duka kubwa kuliko yote sokoni, na pua yake ilikuwa na sifa kuliko duka. Alinusa kreti nzima, akafunga dirisha.

Okari alikasirika. Akaamua kununua koki mpya. Alikuwa Migori kwa mazishi ya shemeji yake, akaona mtu ametandaza spea kando ya barabara. Aliuliza kama ana koki ya pikipiki. Yule mtu akampa moja, akaapa kwamba inaingia pikipiki zote. Okari hakuwa na koki ya zamani mkononi ya kulinganisha. Aliamini, akalipa.

Alipofika nyumbani alifungua ile ya zamani. Kwa hasira za miezi mitatu, akaitupa chooni. Ndipo alipojaribu kufunga ile mpya, akaona matundu ya bolti hayalingani na ya tangi. Mtu mwingine angesimama hapo. Okari alichukua tupa, akayapanua matundu. Mpira wa kuzibia nao haukukaa sawa, basi akakata mwingine kutoka kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu. Akakaza bolti mpaka spana ikalia.

Siku mbili hakukuwa na tone. Okari alipita mbele ya Joyline akipiga mluzi. Siku ya tatu koki ilivuja kuliko mwanzo. Siku ya nne pikipiki ilizimika mlimani, mikate yote ikiwa nyuma. Aligeuza koki kwenye akiba. Ikawaka, ikaenda hatua mia mbili, ikazima kabisa. Alisukuma mikate themanini juani, na wenzake waliompita walipunguza mwendo ili wamwone vizuri.

"Omera, ndugu Okari," mmoja alimwambia, "leo mkate umekupanda wewe."

Mchana ule Mama Kultum alimwita Homa Bay. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa amepanga mikate kumi na minne iliyorudishwa juu ya meza, na alimwacha Okari aitazame kwanza.

"Okari, sikiza. Nimekuvumilia. Kila wiki unaniambia umetengeneza. Wallahi, ahadi zako nimeshiba. Kuanzia kesho gari la Mohamednur, lile la njia ya Mbita, litapeleka mikate Rangwe. Ukitaka kazi yako, niletee barua. Iwe na sahihi ya wenye maduka watatu waliokataa mkate wangu, wakisema wataupokea kutoka kwa mkono wako. Jumamosi jioni ndio mwisho. Baada ya hapo, njia ni ya Mohamednur."

Okari alifungua mdomo aeleze kuhusu yule mtu wa Migori.

"Sahihi tatu, mwanangu," alisema Kultum.

Ilikuwa Jumatano. Okari alirudi nyumbani akasema ulimwengu umemwonea. Joyline alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa viatu, akamwambia asukume pikipiki wamfuate Nasteha.

Nasteha alikuwa na duka la spea karibu na soko. Alijifunza kazi ya ufundi miaka mitatu Garissa kabla ya kuja Rangwe. Okari hakuwahi kuingia dukani kwake. Alikuwa amesema mara nyingi, na kwa sauti, kwamba spea haziuzwi na wasichana.

Nasteha hakulitaja jambo hilo. Aliinama, akatazama chini ya tangi kwa muda mrefu.

"Kaka, nani alikufungia hii?"

"Fundi mmoja," alisema Okari.

"Ni yeye," alisema Joyline.

Nasteha alitaka kuona koki ya zamani. Okari akatazama pembeni. Joyline ndiye aliyeeleza mahali ilipo. Nasteha alifumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu mpaka kumi.

"Sawa. Chooni hatuingii. Lakini siku nyingine, ukienda kununua koki, nenda na ile ya zamani mkononi. Usinunue kwa mdomo. Koki zote zinafanana kwa mbali, kama ndugu. Matundu ya bolti yana umbali wake. Mrija unaoingia ndani ya tangi una urefu wake. Hata mdomo wa kutolea petroli una upande wake."

Okari alisema kwamba basi ilimpasa kununua ya kampuni yenyewe, ya bei kali. Nasteha alikataa. Alieleza kwamba koki iliyotengenezwa na watu wengine ni sawa tu, na yeye mwenyewe anaziuza. Kinachotakiwa ni ilingane.

Walianza kazi nje, mbali na jiko la muuza mahindi. Walingoja injini ipoe. Nasteha alimwomba kijana mmoja aliyekuwa akivuta sigara asogee mbali, naye akasogea akinung'unika. Wakamwaga petroli yote ndani ya mtungi wenye kifuniko. Wakatoa koki ya Migori. Ule mpira wa tyubu ulitoka ukiwa umevimba na kulegea.

Nasteha aliuning'iniza kwa vidole viwili. "Tyubu imetengenezwa kuzuia hewa. Ikikaa kwenye petroli inakuwa kama ugali uliolala majini. Vipande vyake vinaweza kuziba kabureta. Na huu mrija wa ndani ya tangi, uone ulivyo mfupi; unashusha hata petroli ya chini kabisa. Petroli inayofaa kubaki iwe akiba, umeshaitumia bila kujua. Ndiyo maana ulisukuma."

Okari aliinama auone mrija. Kwa mara ya kwanza mwezi ule, alikuwa anasikiliza.

Kwa kuwa koki ya zamani haikuwepo, Nasteha alichukua kipande cha boksi. Aliupaka grisi kidogo uso wa chini wa tangi, akakibandika kipande kile, akakibonyeza. Alipokitoa, matundu yalikuwa yamejichora. Akaenda nacho dukani, akapima koki moja, ikakataa. Ya pili ikakataa. Ya tatu ikakaa juu ya alama sawasawa. Mrija wake ulikuwa na urefu anaoufahamu kwa pikipiki ya aina ile, na koki ilikuwa na mpira wake mgumu wa kuzibia, uliotengenezwa kwa ajili ya petroli.

Okari alifunga mwenyewe, Nasteha akimsimamia. Alisafisha kutu ndani ya tangi kwanza. Akakaza bolti moja kidogo, kisha nyingine kidogo, kwa zamu, ili mpira ulale sawa. Alipotaka kuongeza nguvu, Nasteha alimpiga mkono kwa kitambaa.

"Imetosha. Ukivunja meno ya tundu la bolti, utanunua tangi."

Wakarudisha petroli, wakapangusa kila mahali mpaka pakakauka, wakatandaza karatasi chini. Nusu saa ikapita. Karatasi ilikuwa kavu. Kisha wakachomoa mpira wa kwenda injini, wakajaribu mkono wa koki. Ulipofungwa, hakuna tone. Ulipofunguliwa, petroli ilishuka mtungini mpaka ikakatika. Kwenye akiba ikashuka tena, ikajaza chupa tatu za nusu lita.

Okari alisimama wima, akasema kazi yake imerudi. Nasteha hakutabasamu. Alikuwa anatazama kreti.

"Koki iko mbele, kreti iko nyuma. Harufu ilifikaje kwenye mkate?"

"Upepo," alisema Okari.

Nasteha aliingiza mkono pembeni ya kreti, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Okari alikitumia kupangusa koki kila alipobandika sabuni. Kilikuwa kizito kwa petroli. Alikiweka hapo kisipotee. Na mikono ile ile iliyokikamua ndiyo iliyoshika mikate.

Joyline alikinusa, akaketi chini ya kibanda. 

Siku iliyofuata walisugua kreti kwa maji moto na sabuni, wakaianika juani siku nzima. Kitambaa kilikwenda kwenye shimo la taka, mbali na moto. Joyline alishona kingine cha kupangusia mafuta, akakifunga kwenye usukani kwa kamba, na kingine safi kwa mikate. Nasteha alimwagiza Okari afunge koki kila anapoegesha, na anawe mikono kabla ya kushika chakula.

Jumamosi asubuhi Okari alinunua mikate mitatu Homa Bay kwa pesa zake. Aliibeba ndani ya kreti mpaka Rangwe, barua ya kutiwa sahihi ikiwa mfukoni. Nyar Kabondo alinusa mara moja, akatia sahihi, akaagiza mikate kumi badala ya sita. Yule mwenye duka jirani yake alikata kipande, akala, akatia sahihi akiendelea kutafuna. Mokaya alinusa mkate pande zote sita. Akamwita mkewe Mellen anuse. Akatoka nje akanusa kreti, akainama akanusa koki, akamshika Okari mikono akainusa pia. Watu walikuwa wamekusanyika.

"Mzee, ni mkate au ni ng'ombe unanunua?" mmoja aliuliza.

Mokaya alirudi ndani. Alichukua kalamu.

Okari alikamilisha barua pale pale, juu ya meza ya duka. Juu ya sahihi tatu aliongeza mstari mmoja wake: "Koki ilikuwa mbovu, lakini kitambaa kilikuwa changu." Joyline alimnong'oneza kwamba Mama Kultum hakuuliza habari za kitambaa. Okari alisema anajua.

Saa kumi gari la Mohamednur lilisimama nje. Mohamednur alikuwa amechoka. Tangu Alhamisi alikuwa akifika Mbita akiwa amechelewa kwa sababu ya Rangwe, na wateja wa kule walikuwa wanamtukana. Alipoona barua alinyoosha mkono kabla hajaombwa.

Okari alilamba bahasha, akaifunga, akaibonyeza kwa kidole gumba. Mokaya aliichukua, akainusa, akaipitisha dirishani kwa Mohamednur. Gari likaondoka kuelekea Homa Bay.