Madoa Matano, Madoa Tisa

Kila bahari ilipojaa, Jicho lilikuwa likihesabu. Lilikaa chini ya lango la chuma lililoziba mlango wa mto, na mbele yake zilipita koo kumi na mbili za kioo, mabomba mapana ambayo maji ya bahari yaliyatumia kuingia mtoni. Ndani ya maji hayo walikuja vichanga, yaani samaki wa siku chache tangu kuanguliwa, wembamba kama uzi wa kushonea, mwili hauna rangi, macho mawili meusi tu. Jicho lilimtazama kila mmoja kwa muda mfupi kuliko kupepesa ukope. Mwenyeji lilimpisha. Mgeni lilimpiga kwa cheche ya umeme, na maji yakaendelea na safari yake.

Cheche hazikuwa na sauti. Ukisimama juu ya lango ungeona mwanga wa buluu ukimetameta huko chini, ukadhani ni pambo.

Mji wa Mlangoni ulijengwa juu ya nguzo baada ya bahari kupanda na kuumeza mji wa zamani. Lango liliwekwa ili usimezwe mara ya pili. Jicho lilikuja baadaye, samaki wa kigeni aina ya chaa alipoingia akiwa ndani ya maji yaliyobebwa na meli, akaanza kula mayai ya samaki wa mtoni. Chaa wa kwetu, yule mdogo wa rangi ya fedha aliyeanikwa kwenye kila kichanja cha Mlangoni, alikuwa ndugu yake wa karibu mno. Wakiwa wakubwa unawatenganisha hata gizani kwa vidole. Wakiwa vichanga, wataalamu wenye shahada zao waliinua mikono.

Aliyeweza ni Sikudhani Mkumba. Hakuwa na shahada. Mama yake alikuwa akiokota vichanga kwa shuka na kuwauzia wenye mabwawa, naye ndiye aliyemfundisha: bakuli jeupe, maji ya palepale ulipowatoa, na kanga juu yake mpaka dakika ya kutazama, maana kichanga akistuka hufa. Sikudhani hakuuvunja utaratibu huo hata siku moja. Chini ya hadubini, chaa wa kwetu alionyesha madoa meusi matano kwenye mstari chini ya mkia. Yule wa kigeni, aliyeletwa kutoka bandarini ndani ya vichupa vya spiriti, alikuwa na tisa. Matano, tisa. Hivyo ndivyo alivyolifundisha Jicho, kwa mdomo wake mwenyewe, na waunda mitambo wakaipenda sauti yake wakaiacha humo. Basi mashine ikazungumza kama Sikudhani alivyokuwa miaka kumi na tano iliyopita.

Alilifundisha na vitendawili pia. Alipenda kutega tangu utotoni.

"Usipomjua samaki usibahatishe," aliliambia. "Aliyeshindwa kutegua hufanyaje? Humpa mwenzake mji. Sema, chukua mji. Mimi nitakuja kukutegulia."

Na Jicho lilisema. Siku za mwanzo lilisema mara ishirini kwa siku, "Chukua mji," na Sikudhani akashuka ngazi na bakuli lake. Halafu, misimu mitatu iliyopita, likaacha. Yeye alidhani limehitimu.

Siku ya bamvua la mwisho la msimu, saa tano asubuhi, dada yake Tausi alipanda hadi kwenye chumba cha utambuzi akiwa na ndoo ndogo. Bamvua ndiyo maji makubwa ya mwezi, yanayosukuma vichanga wengi kuliko siku nyingine zote. Yangejaa saa kumi alasiri. Baada ya hapo chaa hataingia tena mtoni mpaka mwaka mwingine.

"Nimetembeza shuka nje ya lango tangu alfajiri," Tausi alisema. "Nimepata saba. Zamani shuka moja ilikuwa inatoa bakuli zima."

"Labda hukuivuta vizuri."

"Mdogo wangu, mimi nilikuwa navuta shuka wewe bado unalilia uji." Aliketi, akavua viatu. "Hao ndio zawadi yangu ya kuagana. Vichanja vyangu viko wazi mwaka wa tatu. Kesho nahamia bara kwa mwanangu, na nyumba tano za mtaani kwetu zimo kwenye boti hiyohiyo."

 Sikudhani aliwamimina wale saba kwenye bakuli jeupe, akalifunika, akasubiri. Alipochungulia kwenye hadubini akaona alichotarajia. "Matano. Ni chaa wetu. Kwa hiyo bado wapo, dada, na Jicho linawapisha. Tatizo liko kwingine, usikimbilie kuhama."

"Tatizo ni kwamba hiyo kanga ni yangu," Tausi alisema. "Uliiazima harusi ya Mwanaidi. Ndoa ile imeshavunjika na kanga bado iko kwako." Akaivuta juu ya bakuli, akaikunja, akaitia kwapani.

Walicheka wote wawili. Sikudhani akamsindikiza mpaka chini, wakazungumza kwenye ngazi kama wanavyozungumza watu wasiotaka kuachana. Aliporudi, jua la saa sita lilikuwa limeingia dirishani likakaa ndani ya bakuli. Watatu walikuwa wameelea, wamekufa. Alimchukua mmoja wa walio hai, amwangalie kama naye anazimia.

Madoa yalikuwa tisa.

Akahesabu tena. Tisa, madogo, kama ncha za sindano. Akamtazama wa pili, wa tatu, wa nne. Tisa wote. Akaketi. Kisha akalifunika bakuli kwa sinia, akakaa nusu saa mikono mapajani. Alipolifunua, madoa yalikuwa yamevimba na kuungana. Matano.

Alimchukua mmoja wa waliokufa, akamtia kwenye spiriti, akamweka kando ya mgeni wa bandarini. Tisa na tisa. Mapacha.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemlinganisha aliye hai, aliyetoka gizani chini ya kanga ya mama yake, na maiti iliyonyauka ndani ya chupa. Tofauti aliyoifundisha haikuwa ya samaki. Ilikuwa ya mwanga.

Akaendelea kutazama, sasa kwa hofu, mpaka akaipata tofauti ya kweli: kwenye shavu la mgeni palikuwa na vijimeno kama vya msumeno. Shavu la chaa wa kwetu lilikuwa laini. Alikuwa hajawahi kulitazama shavu, maana madoa yalimtosha.

Alishuka kwa injinia wa lango, Nehemia Ngwila, kijana mpole aliyezoea kumwita mama.

"Mwanangu, kwenye zile koo kuna taa?"

"Zipo, mama. Tuliziweka misimu mitatu iliyopita ili Jicho, lililokuwa likiona gizani kwa shida, lione vizuri. Kichanga anasafiri dakika tatu kwenye mwanga kabla ya kufika."

"Dakika tatu." Akashika meza. "Na lile neno lake, chukua mji?"

Nehemia aliinamisha uso. "Usiku taa zilipowekwa lilisema mfululizo, nawe uko nyumbani. Likisema, lango linasimama mpaka utegue, na meli zinasubiri. Wakubwa waliniambia niliondolee shaka, liamue lenyewe. Nikaiondoa."

"Wewe ndiye uliyeiondoa."

"Mimi, mama."

Sikudhani akaigeukia mashine. "Jicho. Wageni wangapi umewapiga tangu taa ziwekwe?"

"Milioni kumi na moja," lilijibu kwa sauti ya Sikudhani mwenyewe, changa na yenye kujiamini. "Wote wenye madoa tisa, kama ulivyonifundisha."

 Chaa huishi miaka minne. Kichanga akuaye mtoni ndiye arudiye baharini kutaga. Misimu mitatu bila watoto, wazazi hubaki wachache na wazee, na wale saba wa Tausi walikuwa ndio mavuno yao.

"Zima taa," Sikudhani alisema, akiweka mezani vichupa na bakuli lililofunikwa aliloshuka nalo. "Lirudishie shaka yake. Lionyeshe mashavu haya: mgeni ana vijimeno, wetu ni laini."

"Nahitaji kibali, mama. Kuna meli mbili nje. Nitafukuzwa."

"Saa ngapi maji yanajaa?"

Nehemia alitazama saa. Ilikuwa tisa na nusu. Akavuta kiti, akaanza kubonyeza vitufe. Koo zikaingia giza moja baada ya nyingine. Meli zikapiga honi, hakuna aliyezijibu.

Saa kumi bahari ilisukuma. Maji yakapita yakiwa meusi, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu mitatu cheche zilimetameta kwa wageni wa kweli tu.

"Mkizi, mia tatu na sita," Jicho lilihesabu. "Mwatiko, arobaini. Wageni, elfu mbili. Chaa wa kwetu, sufuri."

Walisubiri. Liliendelea kuhesabu, na mwishoni mwa kila orodha likasema sufuri. Maji yalipokaribia kusimama, Sikudhani aliinua bakuli, akawamimina wanne wake kwenye koo ya mwisho.

"Chaa wa kwetu, wanne," lilisema Jicho.

"Hao nimewaleta mimi." Akaegemea kioo. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina watoto elfu kwa elfu, kila mwaka huja kwangu uchi, bila kubisha hodi. Mwaka huu nimeacha mlango wazi, nimezima taa, hawakuja. Wako wapi?"

 Lango likasimama, kama lilivyokuwa likisimama zamani, na meli zikapiga honi tena.

"Sijui," ilisema sauti yake. "Chukua mji."

"Mji gani?"

"Mlangoni."

Kutoka dirishani alimwona Tausi akibeba godoro kuelekea gatini, kanga imefungwa kichwani. Nyuma yake vichanja vilisimama mtaa mzima, vitupu, vimeoshwa safi. Sikudhani alihamisha bakuli tupu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kama mtu aliyekabidhiwa kitu ambacho hana pa kukiweka.

"Nimeuchukua," alisema.