Dakika Moja ya Ukumbi Mtupu

Rafiki yangu Thaddeus Gilliam, fundi wa sauti hapa Pittsburgh, hapiti tena mtaa wenye ukumbi fulani wa muziki. Humo Odell Purifoy alikuwa akipiga piano peke yake jukwaani, na kila noti aliifuatisha kwa mguno. Thaddeus alirekodi onyesho lake la mwisho, kisha akaifuta miguno yote. Odell alikufa wakiwa hawasemezani.

Pale miguno ilipotolewa palibaki mapengo. Mafundi huyaziba kwa ukimya wa ukumbi uleule, kwa hiyo Jumanne adhuhuri Thaddeus alirudi kurekodi dakika moja ya ukumbi mtupu. Ufunguo alikuwa nao mjane wa Odell, Verlene.

"Ulimkata ulimi akiwa hai, Ndugu Gilliam. Leo umekuja kumshona?"

"Ni kazi tu, Verlene."

"Fanya basi. Mimi kunyamaza nimezoea."

Thaddeus alizima feni na taa kwa sababu zilikuwa zikinguruma, giza likawafunika. Piano ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Dakika ikapita bila hata kikohozi.

Alipoirudisha kuisikiliza, akasikia mguno, wa polepole, kama wa mtu anayetafuta wimbo. Akachomoa hedifoni, sauti ya rekodi ikatoka kwenye spika, ikasikika ukumbini.

Verlene alisikiliza kwa muda mrefu.

"Wimbo huu hakuupiga popote," akasema. "Aliuguna kitandani hospitalini, nikiwa naye peke yangu. Na hapa, hapa hasa, ndipo roho ilipomtoka."

Mguno ukanyamaza. Wakasikia pumzi ikivutwa, kisha ukaendelea, taratibu, hadi mwisho wa wimbo.